Mnasihi Hakupi Jibu
Hotuba kwa wanachama wa kikoba, Tanga, siku ya mgao

Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe.

Mwenyekiti, katibu, mwekahazina, mama zangu, dada zangu, na nyinyi akina baba mliokaa kule karibu na mlango: nashukuru kwa kunialika siku ya mgao. Najua leo macho ya kila mtu yako kwenye sanduku, na anayepewa nafasi ya kusema kabla sanduku halijafunguliwa lazima awe na jambo. Ninalo.

Katibu wenu aliponipigia simu aliniambia, "Sista, njoo utupe ushauri kuhusu msongo wa mawazo." Nikamjibu kwamba nitakuja, ila ushauri sitatoa. Akanyamaza. Leo nimekuja kueleza kwa nini nilimjibu vile, maana neno hilo hilo, ushauri, ndilo linalowafanya watu wengi waende kwa mnasihi mara moja, watoke wamekunja uso, wasirudi tena.

Watu wa rika langu mnakumbuka lilivyotufikia. Zamani mtu akitaka ushauri alikwenda kwa mjomba, kwa shangazi, kwa somo wake, kwa shehe au kwa padri. Halafu ukaja ukimwi. WAMATA ilianzishwa mwaka 1989, watu wenyewe walioguswa na ugonjwa wakishikana mikono, na baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, yakaja yale mabango ya Angaza, vituo vya kupima virusi kwa hiari. Tukaanza kusikia "ushauri nasaha": ushauri kabla ya kupima, ushauri baada ya kupima. Hospitali ililichukua neno la shangazi na la shehe, ikalipa kazi nyingine kabisa, bila kutuambia kwamba kazi imebadilika.

Hata mimi niliyevaa gauni jeupe sikuelewa. Mafunzo yangu ya kwanza yalikuwa ya siku chache. Siku moja alikuja mwanamke, majibu yake yalikuwa na virusi. Nilimwonea huruma sana, na kwa huruma ile nikamwambia, "Mama, nenda leo hii ukamwambie mumeo, mje wote." Nilidhani nimefanya kazi nzuri. Kesho yake asubuhi nilimkuta nje ya kliniki amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, watoto wawili pembeni. Alikuwa amefanya kama nilivyomwambia.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilimshauri mwenye kitanda namna ya kulala. Sikumuuliza hata swali moja: mumeo ni mtu wa namna gani? Ukimwambia, itakuwaje? Ukifukuzwa, utakwenda wapi? Angeulizwa maswali hayo matatu, yeye mwenyewe angeniambia kwamba amwambie kwanza dada wa mumewe, na si usiku, na si peke yake. Jibu alikuwa nalo yeye. Nimeibeba asubuhi ile zaidi ya miaka ishirini, na ndiyo iliyonirudisha darasani kujifunza kazi hii upya.

Kwa hiyo naanzia hapo. Mnasihi hakupi jibu. Anafanya kazi pamoja na wewe mpaka jibu lako lionekane, na kazi hiyo ina njia zake, si moja, ni nyingi, na zinatofautiana kama dawa zinavyotofautiana. Mnakumbuka zamani kila homa ilikuwa malaria: ukienda zahanati unapewa klorokwini, umemaliza. Siku hizi wanakutoboa kidole kwanza. Maumivu ya moyo na akili nayo ni hivyo. Aliyefiwa, anayedaiwa, aliyebakwa, anayeogopa watu, anayesikia sauti zisizokuwepo, wote watasema "sina raha, silali", lakini hawatibiwi kwa njia moja. Leo nataka mwondoke mkizijua njia hizo japo kwa sura, ili siku ukienda wewe au mwanao, uweze kumuuliza mtaalamu: unatumia njia gani, na kwa nini hiyo?

Njia ya kwanza ni ile ambayo ingemwokoa mama yule wa godoro. Inatoka kwa Mmarekani mmoja, Carl Rogers. Miaka ya 1940 mtaalamu alikaa kama hakimu na mgonjwa akakaa kama mshtakiwa. Rogers akasema hapana, huyu tusimwite mgonjwa, tumwite mteja. Mnaposikia pale kliniki wauguzi wanaita "mteja anayefuata", neno hilo lina historia: maana yake ni kwamba mwenye shughuli ni wewe. Rogers alishikilia mambo matatu. Mtaalamu awe mkweli, asijivike sura. Amkubali mtu aliye mbele yake bila masharti, hata kama hakubaliani na alichofanya. Na ajitahidi kuuona ulimwengu kwa macho ya mwenzake, kisha amrudishie kwa maneno yake alichosikia, ili mwenzake aseme "ndiyo, hapo umenielewa" au "hapana, si hivyo".

Mnaweza kusema, hilo tu? Jaribuni usiku wa leo nyumbani. Msikilize mtu dakika tano bila kumkatiza, bila kusema "hata mimi yalinikuta", bila kusema "mwachie Mungu". Dakika ya pili tu ulimi utakuwasha. Sisi ni watu wema na wema wetu una haraka. Mtu akilia tunakimbilia kumwambia "nyamaza, usilie", kana kwamba machozi ndiyo ugonjwa.

Watafiti wa tiba hizi wamerudia kuona jambo moja, njia iwe hii au ile: uhusiano mzuri kati ya mnasihi na mteja huendana sana na kupona. Basi ukienda mara mbili tatu ukaona moyo umekataa kumwamini mtu yule, kubadilisha si utovu wa adabu. Hujamtukana mtu.

Lakini kusikilizwa peke yake hakumtoshi kila mtu. Kuna mtu utamsikiliza mwaka mzima na mwaka ukiisha bado anajichapa kwa maneno yale yale.

Hapo ndipo ilipozaliwa njia ya pili, tiba ya fikra na tabia. Mwanzilishi wake, Aaron Beck, alikuwa daktari kule Philadelphia. Alifunzwa njia ya zamani ya daktari Freud, ile ya kumlaza mtu kwenye kochi na kuchimba utoto wake. Miaka ya 1960 akagundua kwamba wagonjwa wake wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyokwisha, wana fikra fulani zinazopita kichwani haraka, zenyewe, wala hawazitilii shaka: mimi si kitu, hakuna anayenitaka, kesho itakuwa mbaya kuliko leo. Beck aliishi miaka 100, akafa mwaka 2021, na njia yake ni miongoni mwa zilizochunguzwa sana duniani.

Acheni niilete hapa hapa. Umechelewesha marejesho ya wiki mbili. Unapita sokoni Ngamiani, unamwona mwekahazina, unamsalimu, haitikii. Kabla hujapiga hatua ya tatu kichwa kimeshasema: ananidharau, wameshanijadili, wananiona tapeli. Moyo unakwenda mbio. Unakata kona, unarudi nyumbani bila kununua mboga, Jumamosi hukuja kikao. Wiki ya pili unaona aibu kwamba hukuja wiki ya kwanza. Mwezi umeisha uko kitandani, na mwanzo wake ni salamu iliyokosa jibu. Pengine mama wa watu alikuwa anahesabu chenji, hakukusikia.

Katika tiba hii mnasihi anakupa daftari. Unaandika kilichotokea, ulichowaza, ulichohisi, ulichofanya. Halafu mnalikalia lile wazo kama wazee wa baraza wanavyomhoji shahidi: una ushahidi gani? Kuna maelezo mengine? Jambo hili lingemtokea rafiki yako ungemwambiaje? Hakuna anayekulazimisha kuwaza mazuri. Kama kweli mwekahazina amekasirika, mtalijua na mtalipangia. Upande wa tabia nao una nguvu yake. Mtu wa sonona husubiri apate hamu ndipo aamke, kumbe hamu hufuata mguu. Unapangiwa jambo dogo sana: kesho saa moja asubuhi utatoka nje, utafagia uwanja nusu. Nusu tu. Keshokutwa utakwenda kwa jirani kuomba chumvi. Wengine huona ni kazi ya kitoto, nami nimeona watu wakinyanyuka kitandani kwa ufagio ule.

Sasa nije kwenye jambo linaloumiza watu wa ukumbi huu zaidi. Mikopo kausha damu, ile ya riba kubwa. Siwaulizi nani anayo. Naongea na yule ambaye simu ikilia tumbo linakatika, ambaye kitanda na friji vimeshaandikwa kwenye karatasi ya mtu, mume hajui. Huyu ukimwambia abadilishe fikra utamkosea. Fikra zake ni sahihi: anadaiwa kweli, na kesho watakuja kweli.

Kuna njia kwa ajili yake, na imekuzwa na Waafrika. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare pale Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda alikuwa na wagonjwa wengi, hana vyumba, hana wauguzi wa kumsaidia. Alichokuwa nacho ni akina bibi 14 waliokuwa wakijitolea kwenye afya ya jamii. Akawafunza njia ya kutatua matatizo kwa hatua, akaweka benchi la mbao nje ya kliniki. Mwanzoni aliliita benchi la afya ya akili, na watu wakalikimbia. Ni bibi wale waliomwambia: mwanangu, jina hilo hakuna atakayelikalia, liite benchi la urafiki. Likaitwa hivyo, na watu wakaja.

Bibi wale hawakusema "sonona". Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema "mawazo mengi", na kila mtu hapa anaelewa. Mtu akikaa, bibi anamwacha afunue yote yaliyo moyoni, hata yakifika kumi. Halafu anamuuliza: katika haya, tuanze na lipi? Moja tu. Mnaliangalia, mnataja kila njia inayowezekana, hata za ajabu, mnapima, mnachagua moja, mnaivunja vipande: nani utamwona, lini, saa ngapi, ukikuta hayupo itakuwaje? Unaondoka na kipande kimoja cha kufanya. Ukirudi unaulizwa kilikwendaje.

Kwa mdaiwa wetu kipande cha kwanza huwa ni kuandika madeni yote kwenye karatasi moja. Mtu anaweza kukaa miaka hajui jumla, kwa sababu kuijua kunaogopesha kuliko kudaiwa. Mkono unatetemeka, lakini karatasi ikishajaa, nimeona mara nyingi, mtu anashusha pumzi. Halafu ndipo swali: nani wa kwanza kuambiwa?

Kazi ya bibi wale ilipimwa kwa utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016: kliniki 24 za Harare, watu 573. Baada ya miezi sita, kati ya waliopewa huduma ya kawaida karibu nusu bado walikuwa na dalili za sonona. Kati ya waliokaa na bibi kwenye benchi, walikuwa kama 14 kwa kila mia. Tangu hapo benchi limevuka mipaka, na wenzetu wa Zanzibar nao wanalo. Nawasimulia haya kwa sababu humu ndani naona akina bibi si chini ya 14.

Shirika la Afya Duniani nalo lina mpango wa aina hiyo, wa vikao vitano tu, unaofanywa na wahudumu wa jamii waliofunzwa. Ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, ukasaidia. Kikao cha kwanza wanafundisha kupumua. Tufanye kidogo. Weka mkono tumboni. Vuta pumzi kwa puani, polepole, tumbo liinuke, kifua kitulie. Sasa iachie taratibu kuliko ulivyoivuta. Tena. Tena mara moja. Deni halijapungua hata shilingi, nalijua hilo. Ila mwili uliotulia unaweza kuhesabu, na mwili ulioshtuka unaweza kukimbia tu.

Kuna jambo lingine nataka mlijue kwa sababu linafanana na nyinyi. Masaka na Rakai, Uganda, ng'ambo ya ziwa, ni sehemu ambazo ukimwi ulizipiga vibaya sana. Mwaka 2002 watafiti walikwenda huko, na kwanza wakawauliza wanavijiji wenyewe wanaitaje maumivu yao kwa Kiganda. Ndipo wakaanzisha vikundi katika vijiji, wanawake kwao, wanaume kwao, mara moja kwa wiki, wiki 16. Aliyeviongoza ni mtu wa huko huko, anayesema lugha yao, aliyepewa mafunzo mafupi.

Njia waliyotumia inaangalia mahusiano. Haikuulizi sana unawaza nini. Inakuuliza, maumivu haya yalipoanza, nini kilikuwa kimetokea kati yako na watu? Mara nyingi ni mojawapo ya haya: umefiwa, umegombana na mtu wa karibu, au maisha yamekugeuza mtu mwingine, umeolewa, umeachika, umehamia mji usiokujua, umestaafu, umejua una ugonjwa. Kikundi kinakaa na kila mmoja kwa zamu yake. Anayegombana na mkwe anajaribu maneno mbele ya wenzake kabla ya kuyapeleka nyumbani. Aliyefiwa anapewa ruhusa ya kumtaja marehemu kwa mema na mabaya yake, maana sisi tuna desturi ya kumsafisha marehemu siku ya arobaini mpaka mjane akose mahali pa kuweka hasira yake. Matokeo yalikuwa makubwa, sonona ilishuka sana kuliko vijiji ambavyo havikupata vikundi. Na wiki 16 zilipokwisha, vikundi vingi viliendelea kukutana vyenyewe, hakuna aliyewalipa.

Mwenyekiti, nyinyi mmeshakaa kwenye duara miaka mingapi? Mnajuana hisa, mnajuana marejesho. Je, mnajuana nani hajalala mwezi huu?

Naharakisha sasa, lakini mawili siwezi kuyaacha.

La kwanza ni kiwewe, jeraha la moyo linalotokana na jambo la kutisha: ajali, kubakwa, vita, moto. Kuna imani kwamba mtu akipatwa na jambo kama hilo lazima akalishwe chini siku hiyo hiyo asimulie kila kitu "ili litoke". Uchunguzi umeonyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii kiwewe, na Shirika la Afya Duniani halikishauri. Siku za mwanzo mtu anataka usalama, maji, ndugu zake, na mtu wa kukaa naye. Tazama anahitaji nini, msikilize akitaka kusema, muunganishe na wanaoweza kumsaidia. Basi. Wengi hupona hivyo.

Wale ambao miezi inapita na bado wanaota, wanashtuka, wanakwepa njia ile, hao wana tiba yao, na kusimulia kumo, lakini kwa mpango na kwa ulinzi. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wa Rwanda na Somalia walitibiwa kwa njia inayotumia kamba. Mteja anailaza kamba chini, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Anaweka maua pale palipokuwa na furaha, na mawe pale palipokuwa na uchungu. Halafu, kikao baada ya kikao, anayasimulia maisha yake kwa mpangilio, na mnasihi anaandika. Akifika kwenye jiwe hawapiti haraka. Wanatulia hapo mpaka woga ushuke, huku anakumbushwa kwamba leo ni leo, yuko hapa, yule mtu hayupo. Kumbukumbu ya kiwewe haina tarehe, ndiyo maana inarudi kana kwamba inatokea sasa hivi. Kuisimulia kwa mpangilio ni kuirudishia tarehe yake.

Kwa watoto pia ipo tiba yao. Pale Moshi, na Bungoma kule Kenya, watoto yatima 640 walishiriki katika utafiti mmoja, nusu wakapata tiba ya vikundi kutoka kwa watu wasio wataalamu waliofunzwa, na walezi wao wakawa na kikundi chao. Bungoma tiba hiyo ilifanya kazi vizuri, mjini na vijijini. Vijijini Moshi nako ilisaidia. Moshi mjini tofauti haikuonekana. Nawaambia na hilo la mwisho kwa makusudi. Akija mtu akasema njia yake inamtibu kila mtu kila mahali, muogopeni.

Na mtoto haketi kwenye kiti akakusimulia. Anachora, anacheza, anarudi kukojoa kitandani, anapigana shuleni. Mtoto aliyefiwa na baba anayepigana shuleni anaitwa "mkorofi" na kila mtu, mwalimu na mama. Mleteni kabla hamjamchapa.

La pili ni mipaka ya maneno. Kuna magonjwa ambayo mazungumzo peke yake hayatoshi. Kijana anayesikia sauti, anayesema jirani anamtumia mawimbi, asiyelala siku nne na bado anakimbia na kuongea na kugawa mali, huyo anamhitaji daktari na dawa, mapema. Unasihi utamfaa baadaye, yeye na familia. Mkoa wetu una Lutindi kule Korogwe, milimani, hospitali ambayo imewatunza wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka mia, na Dodoma kuna Mirembe iliyojengwa mwaka 1927. Inaniuma ninaposikia watoto wanatumia jina la Mirembe kama tusi. Maana ya tusi lile ni kwamba mtu atakaa na mgonjwa wake chumba cha nyuma, amefungwa kamba, miaka mitatu, kwa kuogopa kutajwa jina la mahali panapotibu.

Na kwa shehe na kwa mchungaji? Nendeni. Dua ina nafasi yake na mimi mwenyewe naswali. Nina ombi moja tu: anayekuombea akikwambia utupe vidonge, usitupe mpaka umeongea na aliyekuandikia.

Nimefika mahali pagumu, naomba tutulie. Kuna watu wamekaa ukumbini humu ambao wamewahi kufikiria kujiua. Sizungumzi kwa kubahatisha. Nimefanya kazi hii muda mrefu na ukumbi umejaa. Watu wanaogopa kuuliza, wanasema ukimtajia mtu kifo utampa wazo. Haiko hivyo. Ukimuuliza wazi wazi, "Ndugu yangu, umefikia mahali pa kutaka kufa?", humpi wazo, unampa mlango. Akisema ndiyo, usimhubirie, usimwambie ni dhambi, anajua. Usimwache peke yake. Ondoa nyumbani sumu ya panya na dawa za shamba, mpelekee jirani. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, uende naye mpaka ndani. Na kama ni wewe, mwambie mtu mmoja leo kabla ya kulala. Mimi naweza kuwa huyo mmoja.

Mtaniuliza, tutamjuaje mnasihi mzuri? Akianza anakueleza siri itatunzwaje, na lini italazimika kuvunjwa, yaani maisha ya mtu yakiwa hatarini. Anakwambia mtakutana mara ngapi hivi. Anakuuliza katikati kama unaona nafuu, na kama huoni anabadilisha njia au anakupeleka kwa mwingine. Hakukopi, hakuuzii dawa za mitishamba pembeni, hakutongozi. Akikutongoza, toka, na umripoti. Wanandoa, mkienda wawili ni vizuri, lakini kama nyumbani kuna kipigo, aliyepigwa aende kwanza peke yake. Atakachosema mbele ya anayempiga, atakilipia njiani wakirudi.

Yule mama wa godoro nilimtafutia mahali pa kulala siku ile, kwa dada yake. Miezi ilipita kabla hajakubali kukaa na mimi tena. Siku aliyokubali sikusema kitu. Niliweka kiti, nikakaa. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikasikia adhuhuri inaadhiniwa. Halafu akasema, "Leo hunitumi popote?" Nikamwambia simtumi. Akaanza kuongea.

Mwenyekiti, mnaweza kufungua sanduku. Mimi nitakuwa nje, chini ya mwarobaini. Nimemwomba kijana atoe viti viwili, na nipo mpaka magharibi.